Aga, agana, buriani: lugha ya kuagana mwishoni mwa muhula

aga kt (elekezi). 1. Mjulishe mtu kwamba unaondoka na umtakie heri kabla ya kuachana naye: *Amekwenda kuwaaga majirani.* 2. (kwa mahali, hali au shughuli) Achana na kitu moja kwa moja: *aga ukapera, aga mashindano, aga dunia.*
Mnyambuliko: agia, agwa, agana, agania. Nomino: agano, maagano.

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa neno *kwaheri* katika somo la kwanza au la pili, na mara nyingi huamini kwamba kwa neno hilo amekwisha kujua kuaga. Imani hiyo humtosha darasani. Haimtoshi anapomaliza muhula katika nyumba ya watu waliomlisha na kumwita mtoto wao. Makala haya yanaeleza tofauti kati ya neno la kuagia na tendo la kuaga. Mifano yake imewekwa Mgogoni, kisiwani Pemba.

Muktadha

Kwa miaka mingi wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya wamekuwa wakifika Zanzibar kusoma kwa muhula mmoja. Wapo wanaojifunza Kiswahili, na wapo wanaosoma mazingira ya pwani na bahari. Baadhi yao huvuka kwenda Pemba kufanya utafiti wa muda mfupi, nao hukaa katika nyumba za wenyeji. Neno *muhula* lenyewe, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya muda uliowekwa au nafasi aliyopewa mtu. Mwenye muhula hukaa akijua kwamba siku zake zimehesabiwa, na wenyeji wake wanajua vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo kuondoka kwake si jambo la ghafla, na adabu humtaka asiondoke kighafla.

Katika vijiji vya Pemba mgeni wa nyumba moja ni mgeni wa mtaa mzima. Aliyepika ni mmoja, lakini waliomkaribisha barazani, waliomsahihisha maneno na waliomwonyesha njia ya shamba ni wengi. Hao wote wanastahili kuagwa.

-aga huhitaji mtu

Jambo la kwanza la kisarufi ndilo kubwa kuliko yote: katika maana yake ya kawaida *-aga* ni kitenzi elekezi, na yambwa yake ni mtu. Husemwa *nimekuja kukuaga*, *ametuaga*, *tuwaage wazee*. Asiyeagwa ana haki ya kulalamika kwamba mtu *ameondoka bila kuaga*, na lalamiko hilo si dogo.

Yambwa ikiwa mahali, hali au shughuli, maana hubadilika na kuwa kuachana moja kwa moja. Timu *iliyoaga mashindano* imetolewa. Mwanamume *aliyeaga ukapera* ameoa. *Aliyeaga dunia* amefariki. Basi mwanafunzi anayeandika *Nimeiaga Pemba* anaweza kueleweka kuwa hana nia ya kurudi, hata kama moyoni alikusudia kusema tu kwamba safari yake imeanza. Akitaka maana hiyo ya pili, aandike *Nimewaaga wenyeji wangu wa Pemba* au *Nimeondoka Pemba*.

Yambwa ikikosekana kabisa, hatari ni kubwa zaidi. Katika matumizi ya siku hizi, hasa katika vyombo vya habari, *ameaga* bila yambwa huweza kuwa mkato wa *ameaga dunia*. Linganisha:

*Mwalimu wetu ametuaga jana.* (Ameondoka baada ya kutujulisha.)
*Mwalimu wetu ameaga jana.* (Msomaji huenda akauliza mazishi ni lini.)

Umbo la kutendwa lina utata wa namna hiyo. *Aliagwa na wanafunzi wake* huweza kuhusu hafla ya mwisho wa muhula, na huweza kuhusu jeneza. Mwandishi makini huongeza neno la kuondoa shaka: *aliagwa kwa hafla fupi kabla ya kurejea kwao*.

Kumwaga na kumwaga

Kiambishi cha yambwa cha nafsi ya tatu umoja hutamkwa *mw-* mbele ya irabu. Kwa hiyo *ku-mw-aga*, yaani kumpa mtu mkono wa kwaheri, na *ku-mwaga*, yaani kumimina kitu chini, huandikwa na kutamkwa sawa:

*Alimwaga mwenyeji wake kwa heshima.*
*Alimwaga maji uani.*

Muktadha kwa kawaida huondoa utata, lakini utani haukosi kuzuka. Mwandishi anayetaka usalama hutumia umbo la kutendana pamoja na *na*: *Aliagana na mwenyeji wake kwa heshima*. Vilevile *wameagana* isichanganywe na *wamemwagana*, neno la mitaani la wapenzi walioachana.

Angalizo la tahajia: irabu mbili za *anaaga* na *kuwaaga* zote huandikwa. Kuandika *anaga* au *kuwaga* ni kosa.

Hatua za kuaga

Kuaga kunakostahili nyumba uliyokaa muhula mzima hakumalizwi kwa dakika moja mlangoni. Kuna hatua, na kila hatua ina lugha yake. Mazungumzo yafuatayo ni ya mfano. Anayeaga ni mwanafunzi anayemaliza muhula wake Mgogoni.

*Kutoa habari.* Siku kadhaa kabla ya safari, mwenyeji huarifiwa kwa utulivu:

– Mama, muhula wangu unakwisha. Ijumaa ijayo nitaondoka, inshallah.
– Siku ndiyo zimekwisha, mwanangu? Haya, Mungu atufikishe.

Neno *inshallah* hapa halionyeshi kusitasita. Linakiri kwamba safari haimo mikononi mwa msafiri peke yake. Sentensi ya wakati ujao isiyo na neno hilo, wala *Mungu akipenda*, inaweza kusikika kavu masikioni mwa wazee.

*Kupita nyumba kwa nyumba.* Msafiri huwaendea majirani na wazee, akaanza kwa hodi na salamu kama siku nyingine yoyote. Habari ya kuaga huja baadaye:

– Hodi!
– Karibu.
– Shikamoo, babu.
– Marahaba, mjukuu wangu. Habari za huko?
– Njema, babu. Nimekuja kukuaga.
– Unakwenda lini?
– Kesho, inshallah.
– Haya, nenda salama. Wasalimie wazee wako.
– Zimefika, babu.

Jibu *zimefika* huwashangaza wageni, kwa maana salamu bado hazijavuka bahari. Kiima chake ni salamu (ngeli ya i-/zi-), na anayejibu anadhamini kwamba zitafika kana kwamba zimekwisha kufika. Kujibu *asante* peke yake si kosa, lakini hakubebi dhamana hiyo.

*Kutakana radhi.* Hii ndiyo hatua ambayo vitabu vingi vya wanaoanza huiacha, na ndiyo wenyeji huikumbuka:

– Mama, nimekaa nanyi siku nyingi. Kama kuna neno nililosema au jambo nililofanya likakuudhi, niwie radhi.
– Hukufanya baya, mwanangu. Na sisi utuwie radhi.

Izingatiwe kwamba radhi hutakwa pande zote mbili. Mwenyeji naye huomba, ingawa yeye ndiye aliyetoa. Mwanafunzi asikimbilie kukataa kwa kusema *hapana, nyinyi hamkunikosea kitu*, kwa kudhani anaonyesha adabu. Jibu linalofaa ni kukubali: *Tumesameheana, mama*. Wala ombi hilo halimaanishi kwamba kumekuwa na ugomvi. Watu waliokula pamoja miezi minne hawakosi kukwaruzana pasipo kujua, na lugha imewawekea nafasi ya kufuta.

*Kuomba ruhusa.* Siku yenyewe ikifika, anayeondoka huomba na anayebaki huruhusu:

– Naomba ruhusa, mama.
– Ruhusa, mwanangu. Fi amanillahi.
– Kwaherini.
– Kwaheri ya kuonana.

*Fi amanillahi* ni maneno ya Kiarabu yaliyozoeleka katika pwani ya Waislamu, yenye maana ya kumweka msafiri katika amani ya Mungu. Aghalabu husemwa na anayebaki kumwambia anayekwenda. Katika adabu za Kiislamu *assalamu alaykum* nayo hutolewa wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Mwanafunzi akiisikia mlangoni asidhani kwamba kuna mgeni mwingine anayewasili.

*Kusindikiza.* Mwenyeji hutembea na msafiri sehemu ya njia. Anaweza kuishia barabarani penye gari, na anaweza kufika hadi bandarini Mkoani. Kusema *usijisumbue, rudi tu nyumbani* kunaweza kueleweka kama kukataa heshima. Ni afadhali kushukuru na kutembea pamoja.

*Kuarifu kufika.* Mwenyeji aliyesema *ufike salama* anangoja habari. Simu au ujumbe wa *Nimefika salama, mama* ndio unaofunga kuaga kulikoanza siku nyingi nyuma. Asiyeutuma ameliacha tendo wazi.

Kuondoka bila kuaga

Kisa kifuatacho si cha mtu mmoja. Kimetungwa kutokana na hali ambayo walimu wa lugha wanaifahamu. Gari linakuja kabla ya alfajiri. Mwanafunzi hataki kuwaamsha wenyeji, na tena anaogopa kulia mbele yao. Anaacha barua nzuri juu ya kitanda, imejaa shukrani, na zawadi pembeni. Anatoka akinyata. Asubuhi mama wa nyumba anakuta chumba kitupu.

Kwa aliyeandika barua, huo ulikuwa upole. Kwa aliyeikuta, mtoto wake *ameondoka bila kuaga*. Mama hakupata nafasi ya kumpa ruhusa, wala kumtaka radhi, wala kumwekea halua mkobani. Barua imesema yote ambayo anayeondoka alitaka kusema, lakini haikumpa anayebaki zamu yake ya kusema. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya maneno ya kuagia na tendo la kuaga: kuaga ni mazungumzo, na mazungumzo hayafanywi na mtu mmoja. Kumwamsha mwenyeji saa kumi za usiku kwa ajili ya kumwaga si usumbufu. Kutomwamsha ndiko kunakoacha kidonda.

Agana: kuachana na kuahidiana

Umbo *-agana* lina maana mbili zinazoishi pamoja. Ya kwanza ni kupeana kwaheri: *Tuliagana barazani*. Ya pili ni kupatana au kuwekeana ahadi: *Tuliagana tukutane Chake Chake*. Nomino *agano* imeshika zaidi maana ya pili, kama katika majina Agano la Kale na Agano Jipya. Wingi wake, *maagano*, huweza kutumika kwa maana zote mbili.

Kwa mwanafunzi anayeondoka, ukaribu wa maana hizi una uzito. Mwishoni mwa muhula ni rahisi kusema *nitarudi mwakani* kwa sababu tu kimya kinauma. Anayesikia huweza kulipokea neno hilo kama agano, na methali inajulikana: ahadi ni deni. Mtoto wa nyumba atauliza mwakani imefika au bado. Asiye na hakika na aseme *Mungu akitujaalia tutaonana*, maneno ambayo ni ya kweli na hayapungukiwi upendo.

Kitenzi *-agiza* kina umbo linalofanana na la utendeshaji wa *-aga*, lakini kimejitenga kimaana: ni kutoa maelekezo au kuomba uletewe kitu. *Mama ameniagiza* haina maana ya *mama ameniaga*.

Kwaheri, buriani na mengineyo

*kwaheri* ki. Ni *kwa* na *heri*. Huandikwa neno moja likiwa la kuagia, na mawili *heri* ikibaki nomino kamili: *Waliachana kwa heri*. Kwa watu wengi ni *kwaherini*, kama *karibuni* na *asanteni*. *Kwaheri ya kuonana* huongeza tumaini la kukutana tena, na ndiyo inayofaa zaidi mwisho wa muhula.

*buriani* nm. Ni kuagana kwa mwisho, pamoja na kusameheana madai yote. Husemwa *kutakana buriani* au *kupeana mkono wa buriani*. Zamani mahujaji na wasafiri wa majini waliitumia kwa kuwa hawakuwa na hakika ya kurejea. Leo magazeti huitumia katika vichwa vya taazia. Mwanafunzi anayeikuta kamusini na kuiona tamu kuliko *kwaheri* akamwandikia mwenyeji wake *Buriani, mama*, huenda akamtia hofu: ama mwandishi anajitabiria kifo, ama anamtabiria mama.

*alamsiki* ki. Huagia usiku, na jibu lake ni *binuru*. Haifai kwa safari.

*baadaye*, *bai* ki. Ni za vijana wa rika moja. Zisitumiwe kwa mzee.

*mkono wa kwaheri* nh. Ni ishara au tendo la kuagana. Tofautisha na *mkono wa tanzia*, ambao ni pole kwa wafiwa.

Angalizo la lahaja

Kiswahili cha Pemba hakiko namna moja. Utafiti wa W. H. Whiteley uliochapishwa mwaka 1958 ulizungumzia lahaja za Pemba kwa wingi, si kwa umoja. Mwanafunzi aliyekaa kijijini huenda amezoea kusikia *nkono* na *ntu* mahali ambapo maandishi sanifu yana *mkono* na *mtu*. Kumwaga bibi wa Mgogoni kwa matamshi yake mwenyewe ni zawadi, maadamu mwanafunzi ameyapata kwa kuishi, si kwa kuigiza. Katika tasnifu na barua rasmi afuate usanifu.

Kwa watafsiri

Si kila neno la kuagia la lugha nyingine litafsiriwe *kwaheri*. Kifaransa hutofautisha *au revoir*, ambalo hubeba tumaini la kuonana, na *adieu*, ambalo mara nyingi hulikata. La kwanza hukaribiana na *kwaheri ya kuonana*. La pili, katika muktadha mzito, hukaribiana na *buriani*. Mtafsiri ajiulize kwanza kama waagao wanatarajia kukutana tena, kisha kama anayesema ni anayekwenda au anayebaki. *Nenda salama* na *safari njema* ni za anayebaki. *Naomba ruhusa* ni ya anayekwenda. *Kwaheri* ni ya wote wawili.

Ugumu wa pili ni mahali ambapo matini ya asili ina neno moja tu na mhusika akatoka. Tafsiri ya Kiswahili yenye *kwaheri* moja na mlango kufungwa inaweza kumfanya mhusika aonekane mwenye kinyongo, hata kama mwandishi hakukusudia hivyo. Wakati mwingine *alimuaga mwenyeji wake, akatoka* hutunza maana kuliko mazungumzo yaliyotafsiriwa neno kwa neno. Umbo *kumuaga* limeenea katika maandishi ya siku hizi, hasa kwa kuepuka utata uliotajwa juu. Kanuni ya mwungano wa sauti hutoa *kumwaga*.

Mfano wa ujumbe baada ya safari

*Mama mpenzi, assalamu alaykum. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba nimefika salama jana jioni. Wazazi wangu wamepokea salamu zako na halua, nao wanakushukuru kwa malezi. Nisalimie watoto, babu na majirani wote. Nikijaaliwa, tutaonana. Mwanao.*

Ujumbe huu hauna neno *kwaheri* hata mara moja. Umeeleza kufika, umefikisha salamu zilizodhaminiwa, na umetoa nyingine za kurudi. Atakayeusoma Mgogoni atajua kwamba ameagwa.